Treni za Zamani Zianzie Dodoma, Tozo ya Reli Ifike Mpanda

Vijana wenzangu, kabla sijaikosoa serikali naomba niseme jambo ambalo upande wetu wa siasa huwa tunalimung'unya mdomoni: SGR ni treni nzuri. Nimeipanda kutoka Dar hadi Dodoma kwa tiketi ya Sh 31,000, nikasoma kesi mbili za sheria ya mikataba njiani, nikashuka nguo zangu bado zimenyooka. Safari za Morogoro zilianza Juni 2024, za Dodoma zikafuata mwezi Julai, na treni ya mchongoko ilipoingia Novemba mwaka huo huo, hata waliokuwa wanaibeza wakaanza kuulizia tiketi. Kwa hiyo anayengoja nianze na ile hoja ya kwamba SGR ni sifa za wakubwa tu, leo atanisamehe.

Hoja yangu ni nyingine. Inahusu reli ile ya zamani, vichwa vyake na mabehewa yake, pamoja na fedha tunazokatwa wote kwa jina la reli. Tumejenga treni mpya ya abiria kati ya Dar na Dodoma. Sasa zile treni za zamani ambazo zingeendelea kukimbia sambamba nayo kwenye kipande hicho hicho, zinafanya nini huko? Kwa nini zisihamishiwe kule ambako mchongoko hauwezi kufika leo wala kesho? Ni swali dogo, lakini bado sijasikia likijibiwa na mtu mwenye madaraka kwa namna ya kueleweka.

Niseme pia ninakotoka, maana msomaji ana haki ya kujua nimesimama wapi. Mimi ni mtoto wa Kaliua, mkoa wa Tabora. Mama yangu mdogo anauza asali na karanga pale mjini, na wateja wake wengi ni watu wanaoshuka na kupanda treni. Kaliua ni makutano: njia moja inanyooka kwenda Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza hadi Kigoma, nyingine inakata kusini kuvuka Mto Ugalla mpaka Mpanda. Ukitaka kuielewa sehemu yetu usiangalie ramani ya barabara, angalia ya reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 na wakafika Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaongeza tawi la Tabora–Mwanza, likakamilika 1928, baadaye na hili la Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewaza bibi wa Nguruka na debe lake la mawese. Lakini watu walihamia kando ya reli, vijiji vikakua, shule na zahanati zikajengwa karibu na stesheni. Leo, mvua za masika zikikolea na njia za vumbi zikageuka tope, kwa baadhi ya vijiji hivyo treni ndiyo barabara yenyewe.

Kuna mtu atauliza: si wapeleke tu mchongoko huko Mpanda? Jamani, hauendi. SGR ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Reli ya kati ya zamani ina milimita 1,000. TAZARA ina 1,067. Nchi moja, reli tatu ambazo hazisalimiani. Ndiyo maana pale Kidatu, TRC inapokutana na TAZARA, mzigo hauwezi tu kupita na behewa lake, ni lazima uhamishwe. Juu ya hapo, mchongoko unakula umeme wa nyaya, na kutoka Tabora kwenda Mpanda hakuna hata nguzo moja ya treni ya umeme. Kwa hiyo tunapozungumzia kuhamisha treni, tunazungumzia treni za mita moja zenye vichwa vya dizeli. Hizo ndizo pekee zinazoweza kumfikia mtu wa Ugalla kesho asubuhi bila kujenga kitu kipya.

Sasa tupige hesabu. Mimi si mhandisi, hii ni hesabu ya darasa la saba. Dar hadi Kigoma kwa reli ya zamani ni kama kilomita 1,250. Kati ya hizo, Dar hadi Dodoma ni kama 460. Yaani zaidi ya theluthi moja ya safari ya treni ya Kigoma inayoanzia Dar inakimbia kandokando ya reli mpya ambayo tayari inabeba abiria kwa saa chache tu. Treni hiyo ikianzia Dodoma badala ya Dar, inabaki na kilomita karibu 790. Kwenda na kurudi kutoka Dar ni kilomita 2,500. Safari mbili ni 5,000. Kwenda na kurudi kutoka Dodoma ni kama 1,600. Safari tatu ni 4,800. Umeona? Kichwa kile kile, mabehewa yale yale, mafuta pungufu kidogo, na mahali pa safari mbili unapata tatu. Hatujanunua hata nati.

Ndiyo, najua behewa halifanyi kazi kwa kilomita tu. Linahitaji kusafishwa, kukaguliwa breki, kujazwa maji. Kichwa kinahitaji dereva aliyelala. Hata ukiitoa safari hiyo ya ziada nusu kwa sababu hizo zote, bado umebaki na treni zaidi kuliko ulizokuwa nazo. Na hicho ndicho watu wa magharibi wanakihitaji kuliko rangi mpya kwenye mabehewa: treni nyingi zaidi kwa wiki, zenye siku na saa zinazoaminika. Mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Tabora hapangi ugonjwa wake ufuate siku ya treni.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa Kilosa wataielewa haraka. Kipande kibovu kuliko vyote cha reli ya kati ni kile cha bonde la Mkondoa, kutoka Kilosa kupitia Kidete hadi Gulwe. Mto na reli vimebanwa kwenye bonde moja, na mvua ikizidi mto ndio unaoshinda. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalisomba tuta na kukata usafiri kwa miezi. Wajenzi wa SGR waliliona hilo, ndiyo maana wamechoronga mahandaki kwenye milima ya Kilosa. Treni ya Kigoma inayoanzia Dodoma haina haja ya kupita Mkondoa kabisa. Abiria anapita juu salama kwa SGR, anapanda treni yake Dodoma, na mafuriko ya Kilosa hayamfungii mtu wa Uvinza njia. Treni za mizigo zitaendelea kupita kule, na ukarabati lazima uendelee. Lakini angalau abiria wa magharibi hatakuwa mateka wa korongo lililo mkoa wa Morogoro.

Hapa ndipo wapo watakaoniambia, wewe dada, umekaa chuoni, umesahau treni ya daraja la tatu ilivyo. Sijasahau. Pingamizi zao ni nzito na nazichukulia kwa uzito wake.

La kwanza ni nauli. Mtu anayetoka Dar kwenda Nguruka kwa daraja la tatu hapandi treni ya zamani kwa sababu anaipenda. Anaipanda kwa sababu ndiyo anayoimudu. Ukimwambia ashuke, aende SGR alipe 31,000 hadi Dodoma, halafu akate tiketi nyingine, umemfukuza kwenye reli kwa lugha ya adabu. Kwa hiyo mpango huu hauna maana bila tiketi moja ya safari nzima, Dar hadi Kigoma, Dar hadi Mpanda, Dar hadi Mwanza, kwa bei ya daraja la tatu la zamani. Tofauti ya nauli kwenye kipande cha SGR ilipwe na tozo ya reli, ambayo nitaifikia sasa hivi.

Na tiketi iwe moja kwelikweli, si vipande viwili vilivyobanwa kwa pini. Hili kwa mwanafunzi wa sheria si dogo. Ukiwa na tiketi mbili una mikataba miwili: treni ya Kigoma ikichelewa kufika Dodoma ukaikosa SGR, mwenye SGR atakuambia hilo si lake. Ukiwa na tiketi moja una mkataba mmoja wa kukufikisha Dar, na kuchelewa njiani ni mzigo wa msafirishaji, siyo wako. Bahati nzuri reli zote mbili zinaendeshwa na shirika moja, TRC. Hakuna wa kumsukumia mwenzake.

La pili ni mizigo. Treni ya Kigoma ni soko linalotembea. Kuna madumu ya mawese, magunia ya dagaa, mikungu ya ndizi, kuku, magodoro, na baiskeli ya mtu. Mchongoko haukutengenezwa kwa ajili ya hayo na sidhani abiria wake watakubali kukaa na dagaa hadi Pugu. Suluhisho ninaloliona ni kubakiza treni moja ya zamani kwa wiki inayokwenda moja kwa moja mpaka Dar, yenye mabehewa ya vifurushi, kwa wale ambao mzigo ndiyo safari yenyewe. Wengine mizigo yao mikubwa iandikishwe stesheni ya kupandia na iwafuate. Siyo tamu sana, nakubali. Mfanyabiashara mdogo wa dagaa atapata usumbufu, na tusimfiche.

La tatu ni Dodoma yenyewe. Stesheni ya zamani na stesheni mpya ya SGR si jengo moja. Tumepata muda wa kuzipa stesheni mpya majina ya marais, Dar ikawa ya Magufuli, Dodoma ikawa ya Samia, na sina ugomvi na majina. Ila mama mwenye mtoto mgongoni na begi kichwani hawezi kuhangaika na bodaboda usiku kati ya stesheni moja na nyingine. Basi la bure linaloingia kwenye bei ya tiketi, choo, maji na sehemu ya kukaa yenye paa. Hivyo ni vitu vya kujengwa kwa miezi. SGR ya mchana ikifika Dodoma, treni ya magharibi iondoke jioni, na abiria aamkie Tabora.

Sasa fedha. Tangu Julai 2015 nchi hii ina Tozo ya Maendeleo ya Reli. Ilipoanzishwa ilikuwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa kutoka nje kwa matumizi ya hapa, thamani ile ya mzigo pamoja na bima na usafiri wake hadi bandarini. Tunaosoma sheria tunafundishwa kwamba Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria, na Ibara ya 135 inasema mapato yote ya serikali yaende Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa yale ambayo sheria imeyatenga kwa shughuli maalumu. Maana yake ni kwamba mwananchi anapotozwa kwa jina la reli, Bunge limempa ahadi mahususi: fedha hii ni ya reli.

Ni reli ipi, basi? Hapo ndo kwenye kiini. Tozo haichagui mkoa. Tairi la bodaboda linalouzwa Mpanda limetoka nje kama tairi linalouzwa Masaki. Betri ya sola ya Urambo na cherehani ya fundi wa Kaliua ni vivyo hivyo. Mfanyabiashara halipi tozo hiyo mfukoni mwake, anaiweka kwenye bei. Na ukiacha tozo, kuna mikopo. Mwaka 2020 serikali ilitangaza mkopo wa Dola za Marekani bilioni 1.46 ulioratibiwa na Standard Chartered kwa ajili ya SGR ya Dar hadi Makutupora (hii ni Makutupora ya Manyoni, siyo ile ya visima vya maji ya Dodoma; nimesikia hata msomi akizichanganya). Mkopo ule unalipwa na Hazina, yaani na sisi sote. Mtu wa Mpanda analipia mchongoko. Sisemi asilipe, nchi ni moja. Ninachouliza ni kama naye ana chake kwenye kapu.

Linganisha namba mbili. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha Dola milioni 300 kwa mradi uliobeba ukarabati wa reli ya zamani kutoka Dar hadi Isaka, kilomita 970. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa SGR ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, kwa Dola bilioni 2.2. Kwa kilomita moja, ule wa kwanza ni kama Dola laki tatu, huu wa pili ni zaidi ya Dola milioni nne. Ni kweli kukarabati na kujenga upya si kitu kimoja, na mtu atakayenifokea kwa ulinganisho huu ana haki kiasi fulani. Lakini angalia mradi ule wa bei rahisi uliishia wapi: Isaka, upande wa Mwanza. Tabora–Kigoma haikuwemo. Kaliua–Mpanda haikuwemo. Yaani kipande kinachobeba watu wasio na njia mbadala ndicho kilichobaki nje ya ukarabati wa bei nafuu kwa hoja ya kwamba kinasubiri ujenzi wa bei ghali.

Na hiyo hoja ya kusubiri imekuwa kama dawa ya usingizi. Eti SGR inakuja, tulieni. Inakuja kweli, na siku ikifika Kigoma nitashangilia. Ila reli haijengwi kwa hotuba. Kabla ya kufika Kigoma lazima kipande cha Makutupora–Tabora kiishe, na baada ya kuisha kipimwe, kiwekewe umeme, kipate treni zake. Mpanda nayo inatajwa kwenye mipango, na mpango haupandiki. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Ugalla mwaka ule mkataba wa Kigoma uliposainiwa anakua. Atahitaji kwenda sekondari kwa treni iliyopo.

Wengine wananiambia lami imefika Mpanda kutoka Tabora kupitia Sikonge, treni ya nini tena? Lami hiyo ni nzuri, nami nawashukuru walioijenga. Haipiti Ugalla. Haipiti vijiji vilivyo kandokando ya reli. Mtu wa kule akitaka kuifikia lami inabidi kwanza apate usafiri wa kumfikisha kwenye lami, na usafiri huo ndio huo huo tunaouzungumzia.

Halafu kuna suala la uhai, ambalo kwenye mijadala ya treni za kisasa huwa halitajwi. Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria yenye watu zaidi ya elfu moja ilishindwa kushika breki mlimani, ikarudi nyuma na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini kwetu watu wazima bado wanataja Igandu kwa sauti ya chini. Juni 2022, miaka ishirini baadaye, treni iliyokuwa ikitoka Kigoma kwenda Dar iliacha reli eneo la Malolo, Tabora. Watu wanne wakapoteza maisha na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Ninataja haya kwa sababu moja. Nikisema treni zihamishiwe magharibi simaanishi makopo. Kuhamisha behewa lililochoka kutoka Dar na kulitupa Tabora ni kuhamisha ajali. Treni zikihama, mafundi wahame nazo, vipuri vihame, bajeti ya karakana ya Tabora ipande. Na tuta la Tabora–Kigoma na Kaliua–Mpanda lipate mataruma na kokoto kwanza kabla hatujaongeza idadi ya safari.

Vichwa ndivyo vitakavyoleta vita. Behewa bila kichwa ni kibanda cha chuma tu. Na kichwa kimoja kinagombewa na watu wawili: abiria wa daraja la tatu, na mwenye makontena ya kwenda Kongo au Burundi. Mwenye makontena analipa zaidi. Meneja yeyote anayepimwa kwa mapato tu atampa kichwa mwenye makontena, na kwa mantiki ya biashara hatakuwa amekosea. Ndiyo maana simlaumu meneja. Nalaumu utaratibu unaomwachia meneja uamuzi ambao ni wa Bunge.

Wenzetu walishalitatua hili kwa sheria. Wajerumani, hao hao walioturithisha reli hii iliyojengwa kwa jasho la babu zetu, walipopanga upya reli zao walitunga sheria mwaka 1993 ya kuzigawia serikali za majimbo fedha kila mwaka kwa ajili ya treni za abiria za maeneo yao. Jimbo linaagiza treni ngapi, saa ngapi, linalipia, na mwendeshaji anawajibika kwa mkataba. Si kwamba treni ya kijijini kule inaleta faida. Wamekubaliana kwamba hasara yake ni gharama ya umma, na wameiandika. Sisi tunaiacha hasara hiyo ijifiche ndani ya hesabu za shirika, kisha tunashangaa safari zinapopunguzwa kimyakimya.

Usiniambie twende mahakamani tudai. Ibara ya 9 ya Katiba inaitaka serikali ielekeze utajiri wa taifa kwenye maendeleo ya wananchi na kuondoa umaskini, maneno mazuri ya kusomwa kwenye mahafali. Rudi nyuma kidogo, Ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Mlango umefungwa na ufunguo wameondoka nao. Kwa hiyo uwanja wetu ni sheria ya kawaida na bajeti. Sheria ya Reli ya 2017, ile iliyounganisha RAHCO na TRL tukarudi kuwa na TRC, inaweza kurekebishwa kwa kifungu kifupi tu: kwamba sehemu maalumu ya tozo, itakayotajwa kwa asilimia, itatumika kwa huduma ya abiria kwenye reli ya mita moja mpaka siku SGR itakapofika mahali husika, na kwamba serikali itaingia mkataba wa huduma na TRC unaotaja idadi ya safari kwa wiki, stesheni za kusimama na nauli ya juu ya daraja la tatu. LATRA ipewe meno ya kukagua na kutangaza matokeo kila robo mwaka. Mimi ningeanza na robo ya tozo. Mchumi akinionyesha kwamba ni nyingi au ni kidogo, tutabishana, lakini tubishane tukiwa na namba mezani.

Bila mkataba wa namna hiyo nina wasiwasi hata na mazungumzo ya kuruhusu kampuni binafsi ziendeshe treni zao kwenye reli yetu. Mwaka 2007 tuliikodisha reli kwa RITES ya India kwa miaka 25, na haikumaliza hata mitano, serikali ikairudisha. Kampuni binafsi zije, zilete vichwa, karibu. Lakini zinazokuja kubeba mzigo peke yake zilipie njia kwa bei inayosaidia abiria.

Kuna sehemu moja ambayo siafikiani na baadhi ya makomredi wenzangu. Wapo wanaopendekeza mabehewa ya treni ya Pugu, ile iliyozaliwa na treni ya Mwakyembe ya 2012, yapelekwe bara kwa kuwa Dar kuna mwendokasi na daladala. Hapana. Mfanyakazi wa Gongo la Mboto anayewahi zamu Kariakoo si tajiri wa kunyang'anywa treni ili tumpe maskini wa Kaliua. Tukianza kugombanisha maskini na maskini tutakuwa tumewafanyia kazi chama tawala. Kinachohama ni treni za safari ndefu zinazojirudia juu ya SGR, basi.

Kwa kuanzia, TRC na Wizara ya Uchukuzi watoe orodha moja tu: vichwa vingapi vya mita moja ni vizima leo, mabehewa mangapi ya abiria yanaweza kukimbia, na kila kimoja kimepangwa wapi. Wala hii si siri ya ulinzi. Bila orodha hiyo hata hesabu yangu ya safari mbili kuwa tatu inabaki ya kwenye daftari.

Muswada wa Sheria ya Fedha huwa unafika bungeni kila Juni, na kabla haujapitishwa Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau. Wadau wanaoonekana pale mara nyingi ni wenye viwanda, mabenki na wahasibu wao. Hakuna katazo kwa tawi la vijana la Nguruka kuandika kurasa mbili. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Kaliua, Urambo, Usinge, Nguruka, Uvinza na Mpanda: kwa miezi mitatu ijayo, kila treni ya abiria inayofika, andikeni tarehe, saa iliyotangazwa, saa iliyofika, mabehewa mangapi ya daraja la tatu, na wangapi walibaki stesheni kwa kukosa nafasi. Msiongeze chumvi. Treni ikiwahi, andikeni imewahi. Tumeni picha ya daftari kwa simu kila Jumapili, mimi na wenzangu wa kitivo cha sheria tutaziunganisha na kuandika maoni yenyewe kwa lugha ambayo kamati imeizoea. Mama mdogo ameshaanza la kwake pale Kaliua. Ametumia daftari la madeni ya asali, kurasa za nyuma.